Upande wa Mlima

Kiboko hali nyama ya mtu. Ndivyo Sévère alivyoanza kila Jumapili, na kila Jumapili watu walimcheka, maana katika kijiji kile, karibu na pale mto Ruzizi unapoingia ziwani, hakukuwa na nyumba isiyomjua mtu aliyemalizwa na kiboko. Sévère hakukasirika. Alisubiri kicheko kiishe, akapangusa jasho shingoni, akaendelea na maneno yaleyale aliyoyasema Jumapili iliyopita.

Kiboko anakula majani, alisema. Usiku hutoka ziwani kwa njia yake, ileile aliyopitishwa na mama yake, akala akashiba, na kabla jua halijachomoza hurudi majini. Akimuua mtu si kwa njaa wala kwa kisasi, wala hakutumwa na jirani yako mwenye kijicho, kama mnavyopenda kunong'onezana misibani. Ameogopa. Mnyama mzito kuliko gari naye ana hofu, na dawa ya hofu yake ni moja tu, maji. Ukisimama kati yake na maji hatakuzunguka. Atapita palepale uliposimama.

Hapo alishika fimbo na kuchora mistari miwili mavumbini mbele ya kanisa. Mmoja ulikuwa ziwa, wa pili ulikuwa mlima. Watu wa pwani ile, kuanzia Uvira mjini mpaka huku tambarare, hawana habari na kulia wala kushoto. Ukiuliza njia utaambiwa pinda upande wa mlima, shuka upande wa ziwa, na utafika bila kupotea, kwa sababu ziwa na mlima havijawahi kubadilishana nafasi. Katikati ya mistari yake Sévère alitoboa tundu dogo kwa ncha ya fimbo. Huyu ni wewe, alisema. Ukimsikia kiboko alfajiri, usikimbie, usimmulike tochi, usimrushie jiwe. Nenda polepole usimame upande wa mlima, umwachie upande wa ziwa wote uwe wake. Atapita aende zake kwao, nawe utakwenda zako shambani.

Na ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kweli. Wanawake wengi walirudi kutoka mashambani wakasimulia jinsi walivyosimama upande wa mlima, na mnyama akapita akihema, akatumbukia ziwani bila kuwatazama. Watoto waliifanya sheria ile wimbo wa kuruka kamba. Katika miaka hiyo kijiji kilimpoteza mtu mmoja tu, mgeni aliyekunywa pombe akalala njiani, na Sévère hakumhesabu.

Jina lake kamili lilikuwa Sévère Nizigama, mzaliwa wa Runingu, mwenye umri wa miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Ujanani alitembea viangazi viwili na watu wa mazingira waliokuja kuwahesabu viboko mtoni. Walimwachia buti na maarifa. Buti zilichakaa, maarifa yakabaki, na Ciza, katekista, alipoona jinsi watu wanavyozikwa kwa sababu ya viboko, akampa nafasi ya kusema kila Jumapili baada ya matangazo. Hakuwa chifu, hakuwa padri, hakuwa tajiri. Lakini mtu akisema "mwalimu" katika kijiji kile, hata mwalimu wa shule aliyekuwa na diploma yake ukutani alijua kwamba si yeye anayeitwa.

Mtu mmoja tu hakuliheshimu fundisho lile, naye alilala kitanda kimoja na mwalimu.

Bernardine, mke wake, alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na Sévère alipokuwa akichora mistari yake yeye alikuwa akimenya karanga katika kitambaa mapajani. Hakuinua kichwa. Mara nyingine alimnong'oneza jambo mwanamke wa pembeni na wote wawili wakacheka, na Sévère alijua kwamba kinachochekwa ni yeye. Nyumbani alimuuliza kwa nini anamvunjia heshima mbele ya watu. Bernardine alikuwa na jibu lake lisilobadilika.

"Weye unafundisha batu, Baba Frédéric. Na kiboko, nani anaifundisha?"

Tena kulikuwa na ile habari ya sahani. Sévère aliwafundisha wanawake kwamba wapitapo njia ya kiboko kabla ya jua, wapige hodi. Wagonge jembe juu ya sahani ya bati, taratibu, njia nzima, ili mnyama asishtuke, maana kiboko anayekusikia ukiwa mbali atakupisha, lakini anayekukuta ghafla atakuponda. Bernardine alisema hawezi kwenda shambani akigonga sahani kama mwendawazimu wa sokoni. Siku moja Sévère aliiona sahani yake ya bati, ile yenye ua jekundu, imebonyea pembeni. Akauliza imekuwaje. Ni wajukuu wa ndugu zako, alisema Bernardine, wanaigeuza ngoma. Sévère akawagombeza wajukuu, nao wakamshangaa.

Walikuwa wameishi katika ndoa miaka thelathini na tisa. Walipendana hivyo, kwa kuchokozana, na kama kuna mtu aliyewahi kuwasikia wakiambiana neno tamu, hajasema.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Ni jambo ambalo kila mtu wa pwani ile amelishuhudia, basi halina haja ya maneno mengi. Mwaka wa kwanza lilikula ufuko. Mwaka uliofuata liliingia ndani ya nyumba, watu wakabeba milango na mabati wakahamia juu. Halafu likarudi nyuma kidogo, likapanda tena, na kila liliporudi liliacha maji nyuma yake, mabwawa yaliyojificha ndani ya matete, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu na watoto wakichunga mbuzi. Mabwawa hayo yalikuwa upande wa mlima.

Mwezi mmoja kabla ya msiba, Sévère alikwenda huko kukata matete ya kuezekea. Kwenye tope alikuta nyayo za kiboko. Jambo hilo halikumshangaza. Kilichomsimamisha ni kwamba zilielekea mlimani, na kando yake kulikuwa na nyayo nyingine ndogo, upana wa kisosi cha chai. Alizitazama muda mrefu. Alijua kusoma nyayo kuliko alivyojua kusoma kitabu, na nyayo zile zilisema wazi kwamba mama na mtoto wamepata maji mahali ambapo mistari yake miwili haikuwa na maji.

Akajiambia kwamba ni kiboko mmoja aliyepotea, atarudi ziwani akichoka. Jumapili akachora mistari yake kama kawaida. Hata fimbo ilipogusa mavumbi alikumbuka zile nyayo, na akakumbuka pia miaka kumi na miwili, na watoto wanaoruka kamba, na jinsi watu wanavyonyamaza akishika fimbo. Angesema nini? Kwamba mwalimu hajui tena maji yako wapi? Alimaliza, akaketi, na watu wakampigia makofi. Ni rahisi kumlaumu leo. Lakini ni nani kati yetu anayependa kufuta kwa mkono wake kitu pekee kilichompa jina?

Mwezi wa tano mpunga uliiva. Mpunga ukiiva hausubiri jua, kwa sababu ndege hawasubiri. Mwanamke asipofika shambani kabla ndege hawajaamka, jioni atarudi na majani matupu. Kwa hiyo Bernardine alitoka kungali na ukungu, na nyuma yake Ninahazwe, mke wa mwanawe Frédéric, msichana mpole kutoka milima ya Rurambo aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile. Frédéric mwenyewe alikuwa Uvira mjini, akiendesha pikipiki ya abiria. Sévère, kwa sababu ya goti lake, alibaki nyumbani akiwasha moto wa chai.

Chai haikuchemka. Ninahazwe alirudi mbio amejaa tope mpaka kwenye nywele, kinywa kimefunguka na hakuna sauti inayotoka. Sévère hakuhitaji sauti. Alikimbia na goti lake bovu kama hana goti, Ciza nyuma yake, na majirani waliokuwa wakipiga mswaki wakafuata na miswaki mikononi.

Walipofika, wanaume wa shamba la jirani walikuwa wamekwisha kumtoa Bernardine kwenye maji ya mpunga na kumlaza mahali pakavu, juu ya tuta, kanga imefunika alipoumia. Uso haukuguswa. Tuta lile lilikuwa upande wa ziwa. Sévère alimwona amelala pale, upande wa ziwa, na hasira ikamtangulia machozi. Wakati mwingine uchungu huvaa nguo za hasira, kwa sababu hasira angalau inaweza kusimama kwa miguu yake.

"Alisimama upande ya ziwa," alisema. "Nilimuambia. Miaka kumi na mbili nilimuambia, hakunisikia, akasahau."

Alisema mbele ya watu wote. Hakuangalia nyayo. Yeye aliyewafundisha wengine kuangalia chini, siku ile hakuinamisha macho yake hata mara moja, na watu waliokuja mbio nyuma yake walikuwa wamekwisha kuzikanyaga. Ninahazwe alikuwa amefika nyuma ya umati. Alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kwao, mke wa mwana hamkatizi baba mkwe hata akikosea jina la siku, sembuse kumsahihisha juu ya maiti ya mkewe.

Basi neno likawa limetoka, na neno la mwalimu halina wa kulirudisha. Kabla kaburi halijachimbwa kijiji chote kilijua kwamba Bernardine amekufa kwa kichwa kigumu. Waliomboleza kweli, walimpenda, walileta kuni na unga na maharage, lakini vinywani mwao lilikuwemo lile la wahenga, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walilisema kwa huruma, wakitikisa vichwa. Wakina mama waliwaambia binti zao, mmeona, na yeye alikuwa mke wa mwalimu mwenyewe, akimenya karanga wakati wenzake wanasikiliza. Vijana walinoa mikuki wakataka kwenda kumuua yule mnyama, na Sévère, macho yamevimba, aliwazuia. Kiboko hana kosa, aliwaambia, amerudi tu kwao. Watu walimstaajabia. Mtu amefiwa na mke na bado anaona haki. Heshima yake ilipanda mpaka ikamfikia Bernardine kaburini na kumkalia juu.

Usiku hakulala, lakini hayo ni ya kila mfiwa. Lililomtesa ni kwamba alikuwa amemkasirikia. Alimgombeza kimoyomoyo akichota maji, akifunga mbuzi. Mwanamke wewe, ungeinua kichwa Jumapili moja tu. Halafu alinyamaza akisubiri lile jibu lake, na jibu halikuja, ndipo akalia.

Ilipangwa kwamba matanga yaondolewe wiki ya pili, siku ya Jumamosi. Siku hiyo, kwa desturi yao, mwenye msiba husimama mbele ya waliokusanyika akaeleza marehemu alikufaje, mwanzo hadi mwisho, na akishamaliza hakuna anayeruhusiwa kuongeza wala kupunguza. Hivyo ndivyo marehemu atakavyokumbukwa. Ndugu wa Bernardine walikuja kutoka Mutarule, na pamoja nao mdogo wake, Pétronille, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye safari hii hakuwa na mzaha wowote. Siku mbili kabla ya kuondoa matanga alimfuata Sévère kwenye zizi la mbuzi.

"Shemeji," alimwambia, "siku ya posho usirudilie kama dada yangu alisahau. Sema tu alikufa. Hiyo inatosha."

Posho, huko kwao, ndiyo Jumamosi. Sévère aliitikia kwa kichwa. Aliona ni ombi dogo, akaona pia ni haki.

Ninahazwe alikuwa jikoni, hatua chache kutoka zizini, na alisikia. Jioni, alipomletea Sévère ugali, hakuuweka chini na kuondoka kama kawaida yake. Alipiga magoti palepale na sahani mikononi, uso umeelekea ukutani kwa adabu, asiinuke. Sévère alimuuliza kama anaumwa.

"Baba, unisamehe," alisema. "Mama hakusahau."

Akaeleza, na mara alipoanza hakuweza tena kujizuia. Walikuwa njiani, ukungu mzito. Walimsikia kiboko akipumua upande wa ziwa, karibu sana. Ninahazwe alitaka kukimbia. Mama akamshika mkono.

"Akasema, tulia, mutoto. Tusimame upande ya mulima, bwana yangu njo anafundisha vile. Akanivuta. Minye niliogopa, nikamuponyoka, nikakimbia upande ya ziwa, nikapanda juu ya kichuguu. Yeye alibakia pale, ametulia. Kiboko haikuenda mu ziwa, Baba. Ilienda kwa mulima. Ilienda kwake."

Sévère alimwambia binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ugali umepoa, aurudishe jikoni.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali na viboko wote majini, alimchukua Ciza wakaenda pamoja. Hakumweleza kitu. Walipita pale alipofia Bernardine, damu imekwisha kunywewa na tope, wakaelekea mlimani kati ya matete, na hatua arobaini kutoka njiani matete yakafunguka. Palikuwa na bwawa, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Walijificha nyuma ya kichuguu, upepo ukiwajia usoni, kama Sévère alivyowafundisha wote. Masikio mawili yakachomoza majini, yakatikisika, na kando yake mengine mawili madogo. Mtoto alipanda mgongoni kwa mama yake, akateleza, akapanda tena. Bernardine alikuwa amesimama hasa kati ya mama huyu na mtoto wake. Alikuwa amesimama pale kwa utiifu.

Hakumchukia mnyama. Alitamani sana amchukie, ingekuwa nafuu. Alimtazama yule mama jinsi alivyomgeukia mtoto wake kwa pua, taratibu, na akaona kwamba kati ya wote waliokuwepo asubuhi ile kiboko alifanya la kiboko na Bernardine alifanya aliloambiwa. Aliyekosea alikuwa ameketi nyumbani akiwasha moto wa chai.

Ciza hakuwa mjinga, na njiani wakirudi alielewa lote. Alikuwa rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli akikuona unazama hukutupia kamba yoyote aliyonayo, hata iliyooza. Alimkalisha Sévère kwenye gogo na kumwambia asiharakishe. Fundisho linaweza kubadilishwa polepole, alisema, Jumapili moja neno hili, Jumapili nyingine neno lile, bila mtu kuuliza sababu.

"Mufu hana haya, Sévère," alisema Ciza. "Lakini weye ungali muzima. Bakijua, nani atakusikia tena?"

Lilikuwa neno lenye akili. Watu wakiacha kumwamini watakufa wengi zaidi, na Bernardine hatafufuka. Na Pétronille mwenyewe hakuomba zaidi ya kimya. Usiku wa kuamkia Jumamosi Sévère alilipima neno lile kila upande, akaona halina tobo hata moja, isipokuwa sauti ya mkewe kwenye ukungu, ikisema bwana yangu njo anafundisha vile. Kwa miaka thelathini na tisa alitamani kumsikia akisema hivyo mbele ya mtu. Alikuwa amelisema, na mtu mmoja tu ndiye aliyelisikia.

Siku ya kuondoa matanga uwanja ulijaa. Watu wa Mutarule walikaa upande mmoja, kijiji upande mwingine, Frédéric mbele pamoja na wajomba zake. Ciza aliongoza sala, kisha akamtazama Sévère muda kidogo kuliko ilivyohitajika, akaketi. Sévère alisimama. Alikuwa na fimbo yake mkononi, na watu wakatulia kwa mazoea, kama Jumapili.

"Mulisikia kwa kinywa yangu kama Bernardine alisahau," alisema. "Hakusahau. Alisimama upande ya mulima, vile minye nilimufundisha. Maji ilikuwa nyuma yake, na mutoto ya kiboko ndani ya maji. Kama angekuwa kichwa nguvu, leo angekuwa hapa na siye. Ni fundisho yangu njo ilimuua."

Angeweza kuishia hapo, na Ciza kwa macho alimwomba aishie hapo.

"Na nyayo zao niliziona mwezi moja mbele ya kifo yake," alisema. "Nilinyamaza. Niliona haya kusema sijui."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa heri wangepiga. Frédéric aliinuka, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akaenda nyuma ya nyumba, na baadaye pikipiki yake ilisikika ikiondoka kuelekea mjini. Ilipita miezi mingi kabla hajarudi kulala katika nyumba ile. Wajomba wa Mutarule walitazama chini. Pétronille alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama ni kwa hasira au kwa kurudishiwa dada yake. Labda naye hakujua.

Aliyevunja kimya ni bibi mmoja, Blandine, mjane mwenye shamba la mpunga jirani na lao, ambaye kesho yake alfajiri alikuwa na ndege wa kufukuza kama siku zote.

"Sasa tusimame wapi?" aliuliza.

Alimuuliza bila kumshutumu. Alitaka kujua tu. Sévère alitazama mavumbi mbele ya miguu yake na fimbo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu apewe zile buti hakuchora kitu. Alisema hajui. Alisema kila asubuhi itabidi kwanza watafute maji yako wapi, kwa sababu maji yamehama na mlima haukuwaambia, na kwamba yeye atatangulia mbele. Bibi alifikiri, akasema sawa. Watu wachache walicheka kwa uchungu. Wengine walisimama wakaondoka kabla ya chakula, na Jumapili iliyofuata kanisani benchi nyingi zilibaki tupu mara tu matangazo yalipokwisha.

Jioni ile, wageni walipokwisha kwenda, Ninahazwe alikuja na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Alisema alikiokota njiani siku ile, akakificha, kwa kuwa hakujua amkabidhi nani. Ilikuwa ile sahani ya bati yenye ua jekundu. Sévère alimuuliza kwa nini Mama aliibeba. Ninahazwe alishangaa swali. Mama aliipiga kila siku, alisema, tangu pale kwenye mgomba wa mwisho ambapo Baba hawezi tena kusikia, mpaka shambani, akapiga hodi njia nzima, na kumkataza yeye asimwambie Baba.

Alipokwenda, Sévère aliigeuza sahani na kupapasa chini yake kwa kidole. Ilikuwa imebonyea pembeni, na katikati, na kuzunguka ukingo wote, mabonyeo madogo ya ncha ya jembe, mengine mapya yanayong'aa, mengine ya zamani yenye kutu, yamepandana mengine juu ya mengine. Alijaribu kuyahesabu. Yalikuwa ya miaka kumi na miwili.